Mjuzi wa Sinema Mpya

Kaka yetu huyu hana filamu asiyoijua. Oppenheimer ya 2023, saa tatu nzima, anasema imepwaya: mlipuko mmoja, maneno gunia zima. Kumbe aliitazama kwenye nakala iliyorekodiwa ukumbini kwa simu, vichwa vya wanaokwenda chooni vikipita mbele ya skrini, na mtu pembeni akitafuna bisi. Dune: Part Two je? "Mchanga umezidi." Jangwani, jamani!

Mtajie Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyopigwa Zanzibar na kuoneshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, uone anavyobetua midomo: sinema za Bongo hazina kiwango. Ameiona? Aione ya nini, na bango ameshaliona! Ya mwezi ujao nayo ameshaiponda, anasubiri tu itoke.