Kwa Heshima ya Kopo Linalokula Uchafu

Korosho imeshasifiwa vya kutosha. Msimu wa mauzo ukifunguliwa, Masasi na Newala mazungumzo yote huishia kwenye bei ya mnada, na anayeingia kijijini na gari jipya huulizwa kwanza amevuna tani ngapi. Gari nalo limesifiwa: huoshwa, hufungwa mapambo siku ya harusi, huandikwa misemo kwenye kioo cha nyuma. Filta ya oili jina lake huonekana kwenye risiti tu, tena mara nyingi limekosewa. Ni kopo la bati lisilozidi kikombe cha uji, limebanwa ubavuni mwa injini, chini, gizani, jirani na bomba la ekzosi, mahali ambapo mkono wa mtu mzima hauingii bila kukwaruzwa. Nadai kwamba hiki ndicho kifaa chenye hadhi kuliko vyote garini, na kwamba hadhi yake inatokana na usumbufu wake hasa: ni yeye peke yake anayemtoa mwenye gari kitini na kumlaza chali chini ya mali yake.

Tazama kwanza anachofanya. Ndani ya kopo mna karatasi iliyopigwa marinda kama sketi ya mwanafunzi. Pampu inasukuma oili, oili inaingia kwa vitundu vya pembeni, inapenya marinda, inatokea katikati ikielekea kwenye beringi. Filta za kawaida hunasa chembe za ukubwa wa mikroni 20 hadi 40 hivi, na unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Akina mama wa uwanda wa juu wa Makonde, ambako maji kwa miaka mingi yamekuwa kitu cha kufuatwa mbali na kutunzwa kama akiba, hawahitaji kufafanuliwa thamani ya kitambaa safi mdomoni mwa ndoo. Injini nayo ina kitambaa chake. Vumbi jekundu la njia za Newala hupenya filta ya hewa iliyochoka, hushuka na pistoni, na huko kwenye oili hukutana na masizi na unga wa chuma. Wote hao hukamatwa wakatiwa kopo moja, hakuna dhamana. Magari ya mwanzo hayakuwa na mlinzi wa namna hii. Ni mwaka 1923 ndipo Wamarekani wawili, Ernest Sweetland na George Greenhalgh, waliposajili uvumbuzi wa kichujio cha oili wakakiita Purolator, jina lililofinyangwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "oili safi baadaye". Ahadi za usafi wa baadaye tumezisikia nyingi. Hii, ajabu, ilitimizwa.

Mpinzani atadokeza aibu ya kopo hili, na aibu hiyo ipo kweli. Ndani yake mna vali ndogo. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito alfajiri ya baridi ya Juni, vali hufunguka na oili hupita moja kwa moja, chafu ilivyo. Askari gani huyu, ataulizwa, anayefungua geti wahalifu wakizidi? Askari mwenye akili. Beringi inayopata oili chafu huliwa taratibu, kwa miezi. Inayokosa oili kabisa huungua kwa dakika chache. Aliyeibuni vali hiyo alipima mabaya mawili akachagua linalompa mwenye gari muda wa kujirudi. Muda huo sisi tunautumiaje? Masasi hadi Mtwara ni takriban kilomita 200. Kwenda na kurudi mara kumi na mbili na nusu, kilomita 5,000 zimetimia, ambazo kwa magari mengi yanayopita kwenye vumbi ndiyo zamu ya kumwaga oili. Mfanyabiashara anayefuatilia stakabadhi zake ghalani anaweza kuzimaliza katika msimu mmoja bila kugundua, kwa kuwa filta iliyoziba haipigi kelele na dashibodi haiwashi taa kwa ajili yake. Anayepitisha kilomita 10,000 kwa filta ileile ndiye aliyelifungua geti, kisha analaumu askari.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la fundi. Kwa nini mtu ajipake oili nyumbani wakati gereji iko barabarani na fundi anaijua kazi hiyo akiwa amefumba macho? Sibishani na ufundi wake. Ila fundi mwenye magari sita kwenye foleni ana jicho la kazi moja, na zipo filta zilizofutwa kwa petroli zikang'aa, zikarudishwa mahali pake na kuandikwa kwenye bili kama mpya. Mwenye gari akifungua mwenyewe anajua alichofungua. Na ili aifikie filta lazima apande kwanza ngazi zote za adabu: aegeshe mahali tambarare, azuie magurudumu kwa mawe, aweke stendi chini ya chasisi kwa sababu jeki peke yake si ya kulaliwa, aache injini ipoe mpaka iwe vuguvugu. Akiwa pale chini ataona mambo ambayo kiti cha dereva hakimwonyeshi: bushi iliyopasuka, mpira wa ekseli unaotema grisi, bomba la breki linalosuguliwa na waya. Oili inayoshuka kwenye beseni itamsomea habari za miezi iliyopita. Ikimetameta punje za chuma, ana neno la kumpelekea fundi kabla injini haijagonga. Hivyo fundi hapokonywi kazi, anapelekewa mteja anayejua anachouliza.

Usumbufu wenyewe una mantiki. Filta mpya hukazwa kwa mkono: mpira wake upakwe oili safi, uguse uso wa injini, kisha iongezwe robo tatu ya mzunguko. Mwenye haraka hukaza kwa spana, na atakuja kulia siku ya kufungua. Asiyeangalia kama mpira wa zamani umebaki umenata juu hufunga mpira juu ya mpira, na oili yote humwagika kwenye mchanga dakika injini inapowashwa. Watu wa Masasi hawana sababu ya kukidharau kitu kwa usumbufu wa namna hii. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na mbangua korosho hujipaka majivu au mafuta mengine mikononi kabla ya kuligusa. Hakuna aliyeng'oa mkorosho kwa sababu hiyo.

Limebaki swali la oili chafu, na hapa sifa zangu zinapata breki. Ardhi ya uwanda wa Makonde hunywa mvua kama chujio. Maji huzama chini sana, kisha hutokea kwenye chemchemi za chini ya miteremko. Anayemwaga oili nyuma ya nyumba Newala anampelekea zawadi mtu wa bondeni. Dumu lenye kifuniko, na gereji inayopokea oili ya kukusanywa, ni sehemu ya kazi kama boliti ya kumwagia. Filta ya zamani nayo iinamishwe usiku kucha juu ya kopo, kwa maana bado imelala na oili tumboni.

Zipo filta zitakazogoma. Mkono utateleza, mkanda wa kufungulia filta utateleza, mwishowe mtu atachukua bisibisi na nyundo, aitoboe filta upande mmoja atokee wa pili, aizungushe kama usukani huku oili ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Ikitoka na matundu yake mawili, aipasue bati aangalie marinda: mchanga wa Newala umo humohumo, hata punje moja haijaachiwa.