Pongezi kwa Fomu ya Juni

Kati ya watumishi wote waliopita serikalini Tanzania, sijaona aliyesingiziwa kama fomu ya OPRAS. Iliingia kazini Julai 2004, kwa jina kamili la Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ikatwishwa mzigo mzito: kuizika ile taarifa ya siri, ambayo mkuu aliiandika peke yake kajifungia, na mtumishi akaja kujua alichoandikiwa siku wenzake walipopanda cheo yeye akabaki. Sasa bosi na mtumishi wangekaa meza moja Julai wakubaliane malengo, wakutane tena Desemba, kisha Juni wapeane alama, moja ikiwa ndiyo ya juu na tano ya aibu. Semina elekezi zikafanyika, mabango kitita yakachorwa mishale, posho zikasainiwa.

Wataalamu wakaondoka, fomu ikabaki na sisi. Hapo ndipo ukuu wake ulipoanza.

Maana ilikuwa pole mno. Haikuwahi kumuuliza mtu kwa nini Julai ilipita kimya. Ilikaa kabatini masijala mpaka wiki ya mwisho ya Juni, afisa utumishi alipobandika tangazo kwamba asiye na OPRAS asahau kupanda daraja. John Kotter, profesa wa Harvard, aliandika mwaka 1995 kwamba kosa la kwanza la wanaoongoza mabadiliko ni kushindwa kuwafanya watu waone jambo ni la haraka. Angefika ofisi moja niijuayo siku ya tangazo, angeifuta sentensi hiyo. Watu walikuwa wanakimbia!

Mzoefu alikuja na kalamu tatu. Ya buluu ilikuwa ya Julai, nyeusi ya Desemba, na ile iliyokwaruza ya Juni yenyewe. Aliandika malengo ambayo alishayatimiza, na lengo lililowekwa baada ya kazi kwisha halikosewi hata siku moja. Kisha alimpelekea mkuu wake, ambaye naye alikuwa na fomu yake iliyosubiri saini ya juu, kwa hiyo hakuwa na muda wa ugomvi.

“Umejipa ngapi?”

“Mbili, mkuu.”

“Mbona unajidhulumu? Weka moja.”

Nje kwenye benchi wananchi walisubiri barua zao. Waliambiwa mkuu yuko kwenye tathmini.

Walikuwapo, nikiri, wachache waliojaza Julai kweli. Bwana shamba aliahidi kuvifikia vijiji vyote vya kata yake, fedha za mafuta zikaja nusu, au hazikuja, na pikipiki ikalala. Fomu ilikuwa na nafasi ya kurekebisha malengo katikati ya mwaka, lakini haikuwa na nafasi ya petroli. Stara ya namna hiyo utaipata wapi? Aliyeumbuka ni bwana shamba peke yake, aliyemnyima mafuta hakutajwa.

Kotter alionya pia juu ya kutangaza ushindi mapema. Sisi hatukuwa na papara, tulihesabu fomu kwanza. Zilizojazwa ziligawanywa kwa idadi ya watumishi, asilimia ikapandishwa kwenye taarifa, na asilimia hiyo ndiyo ikawa mabadiliko yenyewe. Kama bwana shamba alifika kijijini, hilo lilikuwa swali la taarifa nyingine.

Kisha ukaja PEPMIS, mfumo wa kompyuta, na fomu ya karatasi ikastaafishwa. Kompyuta ina ubaya mmoja: inaandika tarehe yenyewe, haidanganyiki kwa rangi ya wino. Lakini malezi ya fomu hayakupotea bure. Ofisi ile niijuayo ina kijana mmoja wa TEHAMA aliyekabidhiwa nywila za idara nzima, na jioni ya siku ya mwisho hupita chumba kwa chumba akiuliza kwa adabu, “Shikamoo mama. Eti mwaka huu ulikuwa na malengo gani?”