Sanduku la Nyanya

Masika ya mwaka huu yaliingia na mchwa. Walipandia pembe ya chumba cha Nyanya hapa Likoni, pale paa linapovuja, pale ambapo kila mvua Ami hutazama juu na kusema fundi ataitwa, inshallah. Mvua ikikatika, na maneno nayo hukatika. Kwa hilo la paa sina utetezi.

Tulijua hasara siku kijana wetu, aliyetimiza miaka 18, alipotaka kitambulisho. Huku kwetu vijana wamewahi kuulizwa karatasi za baba, hata za babu. Sanduku likavutwa kutoka chini ya kitanda. Kitako chake kikabaki sakafuni. Vyeti vilikuwa vumbi. Daftari la marehemu Babu, alimoandika nasaba yetu kwa herufi za Kiarabu, fulani bin fulani mpaka kwa Wachangamwe wa Thalatha Taifa, yale mataifa matatu ya Waswahili wa Mombasa, lilimong'onyoka mkononi. Halati akamwaga mafuta ya taa, nyumba nzima ikanuka, godoro la Nyanya likahamishiwa ukumbini. Ami na Shangazi walilaumiana hadi jirani akaja kuuliza kama tumefiwa.

Nyanya aliomba kahawa.

"Karatasi imeliwa, mimi sijaliwa," akasema. "Ketini, wanangu."

Tukaketi tangu alasiri hadi isha. Wageni hutuona sisi watu wa pwani tumepoa kupita kiasi, salamu moja nusu saa. Lakini katika nusu saa hiyo ndimo unamoulizwa u mwana wa nani, mamako mzaliwa wa wapi, nani alimlea. Nyanya ameulizwa na kuuliza hivyo maisha yake yote barazani, na alikuwa na majina ambayo daftari halikuwa nayo. Daftari lilikuwa la wanaume watupu.

Alianza na wanawake. Mama yake Babu alikuwa Mdigo wa papa hapa Likoni. Wadigo na Thalatha Taifa walikuwa washirika wa tangu zamani, na ndoa zilikuwa nyingi. Kisha akanyamaza kidogo, akamtaja nyanya yake Babu, wa Kisauni, mtoto wa Frere Town, mji ambao wamishonari wa CMS waliuanzisha mwaka 1875 kwa watumwa waliokombolewa. Kengele yao ingali pale Kengeleni. Babu alilijua jina la bibi huyu, na hakuliandika. Niliumia kusikia hivyo, nikafurahi pia kwamba sasa ninalo.

Kijana akaandika yote kwenye daftari jipya, akasoma kwa sauti ili Nyanya amsahihishe. Ami akalipeleka Changamwe kwa mzee wetu anayeishi karibu na matangi ya mafuta. Mzee alikubali mengi. Lakini alimkataa bibi wa Kisauni, akasema katika ukoo wetu hapajawahi kuwa na mtumwa, afutwe.

Ami alirudi na ujumbe huo akiwa amefadhaika. Nyanya hakuinua sauti.

"Hafutwi mtu. Jumamosi n'tavuka feri mwenyewe, n'kamweleze."

Ami alijitolea kumsindikiza. Nyanya amemchagua kijana, na amemwambia asipange jambo jingine siku hiyo, kwa sababu hawatarudi mapema.