Kiti Chetu Ki Wapi?

Jana baada ya alasiri, barazani petu Wete, kijana mmoja alitua kikombe cha kahawa akauliza: "Nyinyi wazee, Afrika Mashariki ikifanywa dola moja, mtakubali?"

Mzee aliyekuwa akishona jarife akafyonya mfyonyo mrefu, akakata uzi kwa jino. "Mwanangu, waniuliza kama nitaposa, na wajukuu ninao?"

Kweli tupu! Wapemba tumekwenda dago, kupiga kambi za uvuvi, Vanga, Shimoni na Kilifi kabla hata ya kuzaliwa hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki. Watu wakaoa huko Kenya, wakazaa, wakazika. Januari 2001, damu ya waandamanaji ilipomwagika hapa kisiwani, kiasi cha watu 2,000 walivuka, na Shimoni ikawapokea. Hayo hayasahauliki.

Lakini tazameni waliyoyapata ndugu zetu waliolowea Kenya. Miaka nenda miaka rudi hawakuwa na kitambulisho. Mvuvi hodari, baharini tangu utotoni, akawa hawezi kukata leseni kwa jina lake! Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ilianza kazi Julai 2010, ikataja uhuru wa watu kwenda na kuishi. Ndugu zetu walingoja mpaka 2023, Rais William Ruto alipowatambua Wapemba kuwa kabila la Kenya, wakaanza kupewa vitambulisho. Mlango huo ulifunguliwa na Nairobi, si Arusha yaliko makao ya Jumuiya. Ah! Miaka 13 karatasi imelala!

"Basi shirikisho unalitaka," kijana akamwambia mzee. Mfyonyo wa pili. "Nalitaka. Ila kiti chetu ki wapi?"

Hapo baraza zima likanyamaza. Mkulima wa bara ukimtajia shirikisho, la kwanza huwaza shamba lake. Maoni yalipokusanywa 2007, Watanzania wengi waliikataa haraka ya kuunda shirikisho, na ardhi ilitajwa sana. Mvuvi wa Pemba hana ukuta baharini, hilo halimkoseshi usingizi. Yeye ni Mpemba, umoja ni jamaa zake. Lakini pia ni Mzanzibari, na Mzanzibari anakumbuka. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya nchi za Kiislamu, OIC. Agosti 1993 ikatoka, kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano. Arusha nako anayekaa kitini ni Tanzania. Nani ataisemea karafuu yetu, na dago letu?

Kwa hiyo msituambie Wapemba wanapinga umoja. Mtu aliyeuishi umoja hawezi kuupinga. Anachokataa ni kuingia nyumba kubwa zaidi akiwa bado amesimama kizingitini mwa ile ya kwanza. Anayetaka ridhaa yetu na aje barazani, anywe kahawa, ajibu swali la mzee.

Mzee mwenyewe alisharudi kwenye jarife lake. Jicho moja moja, analivuta kwa kidole, analipima. Wajukuu wanamngoja Shimoni.