Mgonjwa Iko Namna Gani?

Shangazi hajanisemesha tangu Jumamosi. Akitaka chumvi mezani anamwomba mke wangu, mke wangu ananiomba mimi, nami nalisogeza kopo lenyewe shubiri moja hadi mkononi mwa shangazi, anayelipokea akitazama ukuta. Simlaumu. Mtu aliyelala usingizi wake wa halali kwenye kiti cha nyuma, akaja kuamkia juu ya kitanda cha magurudumu kinachokimbizwa na vijana wawili wenye makoti meupe, ana haki ya kutazama ukuta.

Tulitoka Bukavu mchana: shangazi, mimi, kuku wawili na mfuko wa mchele. Gari langu ni la Kijapani, la mwaka 1990, usukani uko kuume katika nchi inayoendesha kuume, kwa hiyo nikitaka kulipita lori sharti nimuulize aliyekaa kushoto kama kuna anayekuja. Kazi hiyo ni ya shangazi. Siku hiyo jicho langu la kushoto lilikuwa limehamia kiti cha nyuma na kufumba.

Tukapita Mudaka, Miti, Kavumu, moteri inaimba. Tulipoingia Katana, mbele kidogo ya lango la hospitali, ikanyamaza. Haikukohoa, haikutetemeka. Ilinyamaza tu, kama redio iliyotolewa batri. Usukani ukawa jiwe la kusagia, breki ikagoma kuzama, nami nikalivuta gari pembeni kwa silaha mbili nilizobakiwa nazo, mikono na maombi. Mamotari wanne waliokuwa wakingoja abiria wakaruka kuja kusukuma.

Sasa jiweke mahali pa mlinzi wa lango. Anaona gari linasukumwa mbio na vijana wanaopiga kelele. Dereva jasho linamchuruzika. Nyuma, mama mtu mzima ameegemeza kichwa kwenye kioo, mdomo wazi. Mlinzi akafanya kazi yake: akafungua lango mbawa zote mbili na kupiga filimbi. Mamotari, kuona lango limefunguka, wakasukuma ndani. Nikapaza sauti, "Hapana! Pembeni!" lakini anayepiga kelele ndani ya gari linaloingia hospitali huonekana amechanganyikiwa kwa uchungu. "Kaza moyo, papa," mmoja wao akanituliza.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, shangazi akateremkia mikononi mwao pamoja na kuku mmoja, akalazwa juu ya kitanda cha magurudumu. Kijana mwenye koti jeupe akamwekea vidole shingoni. "Iko napumua!" Umati ukashangilia. Shangazi akafumbua macho, akaona mbingu, maana alikuwa chali, akaona vichwa kama kumi vimemwinamia, akauliza kwa utulivu ulionikata maini: "Basi nimekufa. Nani alikuwa anaendesha?"

Bado hilo halikuwa la mwisho. Nilipomaliza kuomba radhi kwa kila mwenye koti jeupe, niliingia garini, nikazungusha ufunguo, na moteri ikawaka papo hapo, laini, tamu, kama iliyotoka kiwandani. Ingekataa, ningekuwa mtu mwenye gari bovu, na watu wa aina hiyo huhurumiwa. Kuwaka kwake kulinifanya mtu aliyemleta shangazi yake hospitali kwa mchezo. Tangu siku hiyo mamotari wakiniona huniuliza, "Papa, mgonjwa iko namna gani?" na sijajua bado kama wanamuulizia shangazi au gari.

Huo ndio ugonjwa wenyewe, wa miezi sita sasa: unapona ukimwona daktari. Ukilipeleka gari garaji linanguruma siku nzima bila doa, fundi anakutazama kama mzazi anayemsingizia mtoto. Hapo Lwiro, jirani zetu, wanasayansi wanapima mitetemo ya ardhi tangu enzi za IRSAC, taasisi iliyoundwa mwaka 1947. Volkano ya Nyiragongo ina wataalamu wa kusikiliza kila kikohozi chake. Mimi nilikuwa na mafundi watatu, na kila mmoja alikuta gari linaumwa kitu ambacho yeye, kwa bahati njema, alikuwa nacho dukani.

Wa kwanza alisema ni esansi ya akina Kadhafi, yaani wale wauzaji wa kando ya barabara waliorithi jina la mkubwa wa Libya pamoja na bidoni zao. Maji ni mazito kuliko esansi, yanatulia chini ya tangi, barabara ikitikisa yanapanda. Nikaona ni hoja nzuri kiasi kwamba nilisikitika tulipomimina tangi lote na kukosa hata tone. Wa pili alibadilisha pompi. Wa tatu, huyu nilimpenda, alichomoa klipu ya karatasi mfukoni.

Baadhi ya magari ya Kijapani ya umri huo, langu likiwamo, yana kijisanduku chini ya kapoti ambacho wengi tunakipita kama ukurasa wa utangulizi. Unaunganisha matundu mawili kwa kijiwaya, hata klipu inatosha, unafungua kontakti, na taa ya moteri kwenye dashibodi inaanza kupepesa. Ni lugha. Ikipepesa mara moja, ikapumzika, ikapepesa mara nne, ni kumi na nne: ubongo wa gari unalalamika kwamba umeamrisha cheche na haukujibiwa. Nilichuchumaa mbele ya taa ile kama mganga mbele ya vibuyu. Yangu ikapepesa haraka haraka, sawa sawa, bila pumziko, na maana yake ni kwamba gari halina kosa lolote. Nikalipa kwa kuambiwa hivyo.

Wiki hiyohiyo likazimika Bukavu, mtaa wa Essence, tangi limejaa. Kuzimika kwingine kulikuwa kwenye msafara wa mazishi, nako sitakusimulia.

Aliyeupata ugonjwa ni kijana wa garaji, mwanafunzi, mwenye umri wa mwanangu. Juzi aliniambia neno ambalo kwa miezi sita hakuna mkubwa aliyelitamka: "Papa, mimi sijue. Tuiache iwake, tungoje ikufe." Akaketi juu ya gurudumu, akala hindi la kuchoma. Saa moja na dakika kumi. Ilipokufa hakuharakisha. Alichomoa waya wa bujia, akachomeka bujia nyingine, akaiegemeza kwenye chuma, akaniambia nizungushe. Hakuna cheche. Akaloweka kitambaa, akakilaza juu ya bobini, mvuke mwembamba ukapanda, akamaliza hindi lake. "Zungusha." Tik, tik, tik, cheche ya buluu, nyembamba, kali.

Bobini ni kitu cha ajabu na nimechelewa kukiheshimu. Inapokea volti 12 za batri na kuzitoa zaidi ya 20,000, kwa hila ya nyaya mbili tu za shaba, moja nene ya mizunguko michache, nyingine nyembamba kama unywele, ya maelfu. Moteri yangu ya silinda nne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inataka cheche 4,000 katika dakika hiyo. Safari ya saa moja na nusu ni cheche 360,000. Ufa mdogo kwenye ule unywele, ukipata joto unafunguka, ukipoa unajifunga. Ule ubongo wenye taa hausikii, kwa sababu anayeujibu ni yule aliye upande wa waya mnene, na huyo alikuwa anajibu "ndiyo" kila mara kwa adabu. Cheche imetoka au haikutoka, hilo haliulizwi.

Basi naomba niulize mimi. Fundi wa pili aliondoka na pompi yangu ya asili, iliyokuwa nzima, na kunifungia nyingine inayolia kama nyuki ndani ya chupa. Pesa zangu zimepokelewa, isipokuwa noti moja ya dola kumi, iliyorudishwa kwa sababu ilikuwa na mpasuko sawa na mguu wa sisimizi. Mafundi waliinyanyua juani, wakaikagua kushoto na kulia, wakatikisa vichwa. Macho ya namna hiyo, yanayoona ufa wa karatasi, mbona kwa miezi sita hayakutulia hata saa moja juu ya moteri? Nilikuwa nalipia kufanyiwa majaribio, na zamu yao ikiisha wananiambia gari limezeeka.

Bobini ya mitumba imefungwa jana. Shangazi alikuwa na safari ya mjini leo, na nauli ya teksi imemshinda, akapanda. Kwenda na kurudi alikaa wima, mkoba kifuani, hakufumba jicho hata Miti, ambako kwa kawaida ndipo anapoanza kukoroma. Hakusema neno. Moteri haikukatika. Tulipokaribia hospitali nilipunguza mwendo kumpisha mbuzi.

Mlinzi akatuona kwa mbali. Akafungua lango.