Baraza la Maji

Mtu anayekuuzia nyumba kuukuu hapa Michigan hakuteremshi besimenti mpaka jiko limekwisha kukuingia moyoni. Kwanza atakuonyesha madirisha yanayoingiza jua la asubuhi, kisha sakafu ya mbao za mwaloni, kisha bafu. Akikusikia umeanza kubishana na mkeo kochi likae wapi, ndipo anafungua kimlango kilichojificha nyuma ya friji, anawasha taa inayojifikiria kwanza, na anasema harakaharaka, macho yakiwa kwenye simu: "Na huku chini mna nafasi ya kuhifadhi vitu."

Nafasi ilikuwamo kweli. Vilivyohifadhiwa vilikuwa buibui, makopo ya rangi iliyoganda, fremu ya baiskeli isiyo na magurudumu, na maji.

Nyumba nyingi za zamani za huku zilijengwa juu ya msingi mfupi, chini ya sakafu pakabaki uwazi wa kutambaa tu. Baadaye yakaja majiko makubwa ya makaa ya mawe ya kupasha nyumba nzima joto, nayo yakataka pa kukaa. Wenye nyumba wakashika sepetu, wakachimba kutoka ndani huku nyumba iko juu ya vichwa vyao, wakaacha ukingo wa udongo pande zote ili msingi usikose pa kukanyaga. Ukingo ule ukavikwa zege. Wenyeji wana jina lake, besimenti ya Kimichigan, na hawalitaji kwa kujisifu. Mimi mtu wa pwani nilipoteremka niliona kitu kimoja tu: baraza. Baraza la zege, kimo cha kukalia, limezunguka kuta zote nne. "Limekosa bao na kahawa," alisema mke wangu. Waliolikalia walikuwa maji, na walionekana ni watu wa siku nyingi.

Nilikuwa nataka karakana. Nimekulia Keko, Dar es Salaam, ambako samani huundwa kando ya barabara, juani, na vumbi la mbao linamfuata mpita njia mpaka kwake. Karakana ya marehemu baba ilikuwa nguzo nne na mabati. Unyevu haukuwa mada. Hapa Lansing, Januari inaweza kushuka mpaka nyuzi 15 chini ya sifuri, gundi inaharibika chupani, na mtu anayepiga randa nje ataulizwa na majirani kama ana ndugu wa kupigiwa simu. Gereji ni ya gari la mke wangu, jambo ambalo halijadiliwi. Ikabaki chini.

Randa ya chuma ya baba niliisafirisha sandukuni, nimeizongomeza kwenye kanga ya mama. Niliiweka juu ya baraza lile, upande ulioonekana mkavu. Siku chache baadaye, kwenye uso wake wa chini uliokuwa unang'aa, ilikuwapo alama ya dole gumba langu, mistari yote ya ngozi inasomeka, imechorwa kwa kutu. Jasho la kidole lina chumvi, hewa ya mle ilikuwa na maji, na vikikutana juu ya chuma havihitaji fundi. Mpelelezi angefurahi. Mimi niliisugua kwa msasa na mafuta ya cherehani, nikaapa kuwa mle ndani ni ama mimi ama maji.

Mtaalamu wa kukausha besimenti alikuja na tabasamu, tableti, na kipimo cha unyevu chenye meno mawili. Akakichoma ukutani, kikalia. Akakichoma pengine, kikalia zaidi. Nadhani angekichoma mkononi mwangu kingelia vilevile. Alipendekeza zege la sakafu livunjwe pembezoni kote, kuta zivishwe plastiki, zichimbiwe pampu mbili. Akaandika bei. Kwa fedha ile, Kigamboni napata kiwanja na chenji ya kuzungushia ukuta. Akanihimiza nitie saini jioni ileile kwa kuwa punguzo ni la leo tu. Maji yamekaa mle tangu enzi za makaa ya mawe, halafu mwenye haraka ni yeye.

Jirani yangu, mzee mstaafu wa kiwanda cha magari, alisikitika sana kusikia bei hiyo, akavuka uzio na ndoo ya rangi ya kuzuia maji iliyobaki kwake. "Kwangu nilipaka mara moja tu," alisema. Tukapaka. Chumba kikawa cheupe, tukapiga na picha. Mvua za masika zilipokwisha rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na ukiyagusa unamwagika unga mweupe. Maji yanapopita ndani ya ukuta huyeyusha chumvi za zege na matofali, yakifika usoni yanakauka na kuziacha hapo, nazo zinaibandua rangi kutoka nyuma. Mzee aliutazama ukuta kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akasema watengenezaji siku hizi hawana uaminifu. Baadaye mkewe alimwambia mke wangu kwamba kwao maji hayajawahi kuingia hata siku moja.

Aliyetuokoa alikuwa Tanga. Shemeji yangu ni fundi mwashi, na nilimpigia simu ya video hasa ili acheke. Alicheka vya kutosha ("Shem, yaani umekwenda Marekani kulala juu ya kisima?"), kisha akakaa kimya, nikamzungushia kamera ukuta mzima.

"Maji ya bati yanakwenda wapi?" akauliza.

Nikamwambia aangalie ukuta.

"Ukuta nimeuona. Nauliza ya bati."

Nikatoka na simu mvuani. Bomba linaloteremsha maji ya paa liliishia kwenye kona ya nyumba, mdomo umeuelekea msingi. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 25 linashusha lita 2,500, yaani ndoo 125 za lita 20, na sehemu kubwa ilikuwa inamiminwa palepale ambapo, kwa ndani, baraza lililowa kuliko kwingine kote. Udongo nao ulikuwa umedidimia kuelekea nyumbani. Mtaalamu mwenye kipimo cha meno hakuwahi kuinua macho kutazama juu. Tukaongeza bomba mpaka mita tatu mbali na ukuta, tukashindilia udongo ushuke sentimita 15 katika mita hizo tatu za kwanza, na nusu ya maji ikahama bila kuvunja zege. Shemeji alituma ankara yake kwa sauti: simu mpya, yenye kamera nzuri, kwa ajili ya kazi kama hizi.

Nusu iliyobaki ilikuwa na hoja zaidi. Theluji ikiyeyuka, maji yaliyomo ardhini hupanda na kusukuma kutoka chini, na hapo bomba la paa halina la kusema. Ikabidi tuchimbe mtaro wa ndani kwenye sakafu, tulaze bomba lenye matundu, tuzungushie kokoto, maji yatiririkie kwenye shimo la pampu. Aliyeueneza mtaro wa namna hiyo Marekani ni Henry Flagg French, jaji aliyeandika kitabu kizima kuhusu kuondoa maji mashambani mwaka 1859. Mwanawe, Daniel Chester French, ndiye aliyebuni sanamu ya Lincoln aliyeketi kule Washington. Watalii kutoka dunia nzima wanapigana vikumbo kupiga picha na kazi ya mtoto; kazi ya baba imefukiwa chini ya kokoto, nami nimeinamia na tindo usiku wa Jumamosi.

Rafiki yangu mmoja, mhasibu, alikuja kusaidia na akashauri tulivunje baraza kabisa ili meza ya kazi ipate nafasi. Alikuwa tayari ameshika sururu. Shemeji, aliyekuwa hewani kwenye simu iliyoegemezwa kwenye ndoo, alipaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Muondoeni huyo!" Ukingo ule ndio unaoubana udongo uliobeba msingi, na udongo ukiporomoka nyumba inateremka kuja kuangalia kuna nini. Mhasibu akapewa kazi ya chai.

Pampu ni kifaa kizuri. Ina boya; maji yakipanda shimoni boya linapanda, swichi inawaka, maji yanatupwa nje. Kinachoiharibia sifa ni kwamba inatumia umeme, na dhoruba inayoleta maji mengi kuliko zote ndiyo hiyohiyo inayoangusha miti kwenye nyaya. Dhoruba ya kwanza ilikuja usiku. Taa zikazima, mtaa mzima ukaingiwa na hofu, mimi nikajisikia nyumbani. Mtu aliyekua na mgao wa umeme anajua mishumaa ilipo. Tulipanga mstari kwenye ngazi: mimi shimoni, mke wangu katikati, watoto juu mlangoni, ndoo zinapanda zimejaa na kushuka tupu. Wanangu waliozaliwa hapa, ambao kwao maji ni kitu cha kugeuza kwa kidole, walijifunza usiku ule kubeba ndoo bila kujimwagia. Binti yangu akauliza kama bibi yao alifanya hivi kila siku. Mama yake akamwambia bibi alifanya hivi kabla ya kwenda shule. Siku iliyofuata tulinunua betri ya akiba ya pampu, na naona watoto walisikitika kidogo.

Kufikia Juni baraza lilikuwa kavu, nikapanga juu yake patasi, misumeno na majiriwa kwa ukubwa. Ndipo mama mkwe akaja kututembelea. Alishuka ngazi taratibu, akavuta pumzi, akasema kunanuka uvundo. Akafungua madirisha yote mawili madogo ili hewa iingie.

Kwa Tanga, yuko sahihi kabisa. Michigan, mwezi wa Julai, hewa ya nje yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70 huanza kudondosha maji ikigusa chochote kilicho chini ya nyuzi 24, na kuta zilizozikwa ardhini ziko kwenye nyuzi 17 au 18. Kila upepo ulioingia uliacha maji yake ukutani na kutoka mwepesi. Jioni ile ukuta ulikuwa unatiririka. Niliyajua yote hayo, hata nilikuwa nimebandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya karatasi kuhakikisha: umande ulitanda upande wa chumbani, nyuma yake pakavu, maana yake maji yanatoka hewani, hayapenyi ukuta. Lakini mkwe mwenye akili hafungi dirisha lililofunguliwa na mama mkwe. Nilisubiri alale, nikashuka kwa vidole, nikayafunga. Alfajiri, baada ya kuswali, akayafungua. Tuliishi hivyo, kwa heshima zote, mpaka nilipoleta mashine ya kunyonya unyevu na kumwambia ni ya daktari, kwamba haifanyi kazi dirisha likiwa wazi. Alipoiona imejaza ndoo kutoka kwenye hewa tupu alisema "Subhanallah," na kuanzia hapo kila asubuhi aliimwaga mwenyewe kwenye mrehani wake wa nyuma ya nyumba.

Kabla ya kukaa mle saa nyingi ilinibidi pia kupima radoni. Hii ni gesi inayotoka ardhini kwenye urani, haina rangi wala harufu, na huku Marekani inahesabiwa ya pili kwa kusababisha saratani ya mapafu, baada ya sigara. Kipimo kikizidi pikokyuri 4 kwa lita, unashauriwa kutoboa sakafu na kuweka bomba lenye feni la kuivuta mpaka juu ya paa. Chetu kilizidi. Nilimweleza mama mkwe kwa uangalifu: haionekani, hainuki, inatoka chini ya ardhi, inaingia nyumbani usiku na mchana, inadhuru watu. "Baba," alisema, "huyo si ana jina lake siku zote?" Bomba liliwekwa. Yeye naye alifukiza udi, kwa ukamilifu. Kipimo cha pili kilishuka vizuri sana, na sina ujasiri wa kubishana naye.

Dari sikuweza kulifanya chochote. Waliochimba walikuwa na jiko la kuweka, hawakuwaza seremala mrefu, na boriti moja imevuka katikati usawa wa paji la uso wangu. Nimeigongomelea kandambili. Kila anayepita anapigwa na ndala badala ya mbao ngumu, na wageni wanauliza ni mila ya wapi.

Na kweli karakana ikafanya kazi. Vuli nzima nilimtengenezea mke wangu kabati la vyombo, la mwaloni, milango miwili, viungo vya ulimi na tundu bila msumari hata mmoja. Kipimo cha unyevu ukutani kilisoma asilimia 50, nami nilikuwa nakisalimia kila nikishuka.

Kisha Januari ikaingia. Usiku mmoja tukasikia mlio mkali kutoka chini, tukadhani bomba limepasuka. Haikuwa bomba. Mlango wa kushoto wa kabati ulikuwa umepata ufa kutoka juu hadi chini, na ule wa kulia ulikuwa umesinyaa ukaacha mwanya wa kupitisha kijiko. Hewa ya baridi hubeba maji kidogo mno. Ukiivuta ndani na kuipasha moto, unyevu wake unaanguka. Kipimo changu kilisoma 20. Mbao zilizozoea asilimia 50 hushika maji kama asilimia 9 ya uzito wake. Kwenye 20 hubaki nusu ya hayo, na mbao ikipoteza maji hunywea, na ikinywea mahali palipobanwa hupasuka. Jirani mzee alikuja, akatazama ufa, akasema dawa ni ndogo tu: kuna mashine ya kuongeza unyevu, na alikuwa nayo moja iliyobaki kwake.

Nikajaza ndoo bombani jikoni, nikafungua kimlango kilicho nyuma ya friji. Mke wangu alikuwa amesimama pale, kikombe mkononi.

"Unayarudisha?"

Nikamwomba anipishe, ndoo nzito.