Ukitaka brokoli Mchukwi, ivizie Julai

Anayetaka brokoli bila kuhangaika ahamie Lushoto, Usambara ikamsaidie kulea. Wewe uliyebaki Mchukwi, na mchanga wako wa mikorosho na joto la Kibiti, sogea hapa. Inawezekana, ila mboga hii ina masharti mengi kuliko mkwe.

Sharti kubwa ni kalenda. Brokoli na nduguye koliflawa hufunga kichwa vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 20. Joto likizidi, kichwa huchelewa, au hutoka kimelegea na vijani vikichomoza katikati. Kwetu nafuu ipo Juni hadi Agosti, na hata hapo mchana hupita kiwango hicho. Kwa hiyo sia mbegu kitaluni mwishoni mwa Aprili, chini ya kivuli cha makuti, na baada ya wiki 4 hadi 6 hamishia miche kwenye tuta. Dukani omba aina inayovumilia joto. Muuzaji akisema zote zinavumilia, mrudishie pakiti na umuage vizuri. Aliyesia Oktoba asilie: ale majani. Ni ndugu wa damu wa sukuma wiki, na ni matamu.

Mchanga wetu haushiki maji wala chakula, basi ulishe. Samadi ya ng'ombe haiko mbali tangu wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 waingie Rufiji. Ingiza mkono katikati ya lundo: ukisikia vuguvugu, bado haijaiva, itaunguza mizizi. Acha nusu mita kati ya mche na mche, tandaza nyasi kavu, mwagilia asubuhi na jioni.

Kila siku pindua majani. Ukiona vidirisha vyembamba kama karatasi ya nailoni, mtafute kiwavi mdogo wa kijani. Mguse, atajipinda kwa fujo kisha ajining'inize kwa uzi wake. Usikimbilie sumu kali, mboga hii wanakula watoto. Ponda mbegu za mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, nyunyiza jioni, maana jua huua nguvu yake.

Koliflawa ikifika ukubwa wa yai, kusanya majani yake juu uyafunge kwa ukili, jua lisiigeuze njano. Brokoli usiifunge. Ikate alfajiri vitumba vikiwa bado vimebana, kwani kwa joto letu siku mbili zinatosha kuchanua. Shina usiling'oe, pembeni kuna vichwa vidogo vinakuja.